Amilcar: gari dogo la Ufaransa lililoponzwa na uzito

Anayeagiza gari kupitia bandari ya Dar es Salaam huuliza cc (ukubwa wa injini) kabla ya rangi, kwa sababu ushuru unafuata injini. Amilcar ilizaliwa na hesabu za namna hiyo. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Ufaransa ilipunguza kodi kwa gari lisilozidi kilo 350, cc 1,100 na viti viwili. Mwaka 1921 Joseph Lamy na Émile Akar wakaanzisha kampuni. Kiwanda kikawa Saint-Denis, jirani na Paris.

Gari lao la kwanza, CC, lilikuwa na injini ya silinda 4 yenye cc 903, gia 3, na halikuwa na difu, yaani gia inayoruhusu matairi mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Tuangalie hapo kwenye difu. Bila difu, matairi ya nyuma huzunguka sawasawa hata kwenye kona, wakati tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lazima mojawapo liburuzwe. Mpira unalika, shafti zinasokotwa. Gari likiwa jepesi na matairi membamba, adhabu hiyo ni ndogo, na fundi ameokoa kilo na fedha. Lifungie bodi nzito ya abiria wanne, shafti zitaelemewa.

CGS ya 1924 ndiyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu: cc 1,074, oili inayosukumwa kwa pampu, breki kwenye magurudumu yote manne. Udhaifu wake ni kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iliyoshikwa na beringi mbili tu, mbele na nyuma. Ukiizungusha kwa kasi kubwa muda mrefu, inanepa katikati, na beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) ndizo zinazoumia. Anayefufua injini hii aanze na kranki, rangi baadaye.

Kisha ikaja C6 ya mashindano: silinda 6, kamshafti (shafti zinazofungua vali) mbili juu, na supachaja, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mwaka 1927 Amilcar ikashinda Monte Carlo Rally.

Lakini wateja walikuwa wakitaka viti vinne na paa, na viwanda vikubwa kama Citroën viliviuza kwa bei ambayo Saint-Denis haikuiweza. Amilcar ikajibu kwa C8 ya silinda 8, nzito na yenye kusumbua, wakati mdororo wa uchumi unaingia. Lilikuwa kosa kubwa. Mwaka 1934 Saint-Denis ikaachwa, na 1937 Hotchkiss ikaichukua kampuni. Gari jipya la Amilcar, Compound, lililobuniwa na mhandisi Jean-Albert Grégoire, lenye chesisi ya aloi nyepesi na magurudumu ya mbele yanayovuta, lilirudisha akili ya mwanzo ya wepesi. Vita ya pili ya dunia ikalikatiza.