Nusu bobini: nilivyopatana na mgongo wangu

Mtu akisikia una mgongo, hapo hapo anakuwa daktari. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga, na barazani kwangu hawakosekani washauri: wanaosubiri kupimwa, wanaodai nguo niliyoahidi jana, na wale wasiosubiri chochote. Nimeambiwa ninywe supu ya pweza. Nimeambiwa nipigwe chuku. Bibi mmoja ninayemheshimu sana alininong'oneza kwamba nimetupiwa kitu na fundi wa mtaa wa pili. (Fundi wa mtaa wa pili naye anaumwa mgongo, sijui katupiwa na nani.)

Ushauri ulionikera kuliko wote ni wa kulala. "Mgongo dawa yake kupumzika tu, fundi." Shemeji yangu akaja na ubao wa mvule, akauweka chini ya godoro, kisha akaliondoa godoro lenyewe kwa madai kwamba linaharibu kazi ya ubao. Nikalala kwenye ubao na mkeka. Nikapigwa marufuku kuinama, kubeba mtoto, hata kufunga kamba za viatu. Mke wangu akawa ananifunga mbele za watu. Wageni wakaja kunijulia hali na machungwa yao, wakakaa, wakaanza hadithi, na kila mgeni alikuwa na marehemu wake ambaye mgongo ulimwanza hivi hivi. Kwenda chooni ikawa safari. Usingizi ukakimbia. Sikuwa na kazi nyingine ila kuusikiliza mgongo: nikikohoa nasikiliza, nikigeuka nasikiliza. Nilipozidiwa, shemeji akatoa jibu la kitaalamu: mvule ni laini mno, ataniletea mninga.

Nikaondoka kabla mninga haujafika.

Hospitalini nilikutana na dada wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Hakuanza na wapi panauma, alianza na mambo niliyoacha kuyafanya. Akauliza pia kama mkojo au choo vinanitoka bila kujua, kama nina ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, kama miguu imeisha nguvu, kama nina homa au nimekonda bila sababu. Wewe ukiwa na mojawapo, haya yangu yaache, nenda hospitali leo. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na karatasi ya majibu ya picha tu, imekunjwa mfukoni hadi imechakaa, imeandikwa kwamba diski zangu, vile visahani laini vya katikati ya pingili za mgongo, zimechakaa.

Akaniambia maumivu yakishapita miezi 3 mara nyingi hayapimi tena ukubwa wa jeraha. Mfumo wa fahamu umekuwa mlinzi wa geti anayempulizia filimbi hata mwenye nyumba. Nikawaka. "Kwa hiyo dada, najifanyisha?" Akasema, "Hapana fundi, maumivu ni ya kweli kabisa. Tunachobishania ni maana yake." Kisha akanieleza kuhusu watafiti ambao mwaka 2015 walijumlisha picha za CT na MRI za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Nikatazama foleni ya nje. Kumbe wengi wana karatasi kama yangu, hawajapigwa picha tu!

Sasa kazi. Alitaka nipumzike kabla mgongo haujapiga kelele, si baada. Maana tabia ya fundi inajulikana: siku mgongo umetulia unashona alfajiri mpaka usiku kufidia, kesho yake huamki. Simu niliiwekea kengele; ikilia niko katikati ya kola, naizima. Nani ataacha kola katikati?

Ndipo nikaja na yangu. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani. Kijana wangu anazijaza nusu tu, anaziweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, kule mlangoni. Uzi wa chini ukiisha, sindano inaendelea kugonga kwa mbwembwe zake lakini mshono haushiki, na hapo hakuna ujanja, lazima niinuke. Nafika kwenye kabati, natoka barazani, najinyoosha, namtania muuza kahawa, narudi. Siku nzuri ni nusu, siku mbaya ni nusu. Baadaye sana nikaongeza kidogo kidogo. Wateja walilalamika kwamba fundi siku hizi anazurura, ila Idd iliyopita kanzu zote zilitoka mwezi ulipoandama, jambo ambalo halijawahi kutokea hata nilipokuwa mzima.

Diklofenaki, vidonge vya maumivu vya dukani, nilikuwa nazimeza kama karanga, hadi tumbo likaanza kuungua. Zinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na hela niliyoziachia ingenunua cherehani nyingine na meza yake. Zoezi la pumzi nililicheka, pumzi nimevuta bure tangu nizaliwe. Lakini kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ya kuvuta, saa nane za usiku, kumenisaidia kuliko kugombana na mto. Mke wangu naye nikamwomba asiniulize asubuhi "umeamkaje na mgongo?" Aulize nashona nini. Mama mkwe bado ananichua kwa mafuta ya nazi ya moto, na sina mpango wa kumkataza.

Lililonitisha zaidi lilikuwa kuinama. Msikitini nilikuwa wa kiti. Dada akanirudisha kwa ngazi: rukuu ya kushika mgongo wa kiti, kisha mapaja, kisha magoti, kila hatua nikikaa nayo mpaka woga uchoke wenyewe. Siku ya kwanza kushuka sijda nilikaa chini muda mrefu, si kwa ucha Mungu, nilikuwa natafuta namna ya kuinuka. Nje mzee mmoja akanishika mkono, akaniuliza kwa huruma nadaiwa kiasi gani.

Maumivu yapo, hasa msimu wa sare za shule. Tarawehe nasali nusu kwa kusimama, nusu kwenye kiti, na sioni haya.