Kwa mnaomlilia aliyeacha gongo
Ndugu zangu wa Kirumba na Igogo hapa Mwanza, mpendwa wenu aliyefariki siku chache baada ya kuacha gongo hakulogwa. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla, mikono hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja kabla ya siku mbili kuisha. Siku ya tatu anaweza kuona wadudu wakipanda ukutani, shati limelowa jasho hata asubuhi ya upepo wa ziwa. Hapo ndipo wengi hufungwa kamba, wakidhaniwa wamelogwa. Inauma sana, maana hospitalini hali hii hutibika kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, na sindano ya vitamini B1. Akianguka kwa degedege, mlaze ubavu. Kijiko mdomoni hapana. Kama anatumia dawa za ugonjwa wa akili, ziende naye hospitalini, hata pakiti tupu.