Dola 187 za kupimwa na protrakta

Jana nimetoka shifti ya naiti nikapata bahasha ya bili mlangoni. Dola 187, fizio ya dakika 40, yale mazoezi ya viungo baada ya operesheni. Na si ati nilipitishwa kwa mashine kubwa, hapana, yule dada alichukua protrakta ya plastiki, ndugu ya ile tulikuwa nayo kwa seti ya jometri tukiwa primari Nakuru, akaiweka kando ya kifundo cha mguu, vuta vidole juu, akaandika digrii 8, sukuma chini, akaandika 26, akasema safi sana. Geuza ziwe shilingi mwenyewe halafu uniambie hiyo ni kodi ya miezi mingapi ya bedsita Free Area huko Nakuru.

Kosa nusu ni langu. Operesheni ya kuwekewa kifundo cha chuma nilifanyiwa Oktoba nikadhani nimemalizana nao, kumbe bima yangu hesabu inaanza upya Januari, ile pesa unatoa kwa mfuko wako kwanza kabla wao waanze kulipa, kwa hivyo fizio yote ikaangukia mwaka mpya. Nyinyi mnaotaka kuja kufanya kazi huku Marekani, mnaoniandikia inbox mkiuliza tu saa moja inalipwa ngapi, ulizeni na hiyo.

Mguu wenyewe ni wa 1999, ajali ya matatu Salgaa, pale barabarani pa ajali nyingi, watu wa Nakuru hamhitaji nieleze. Nikawekwa plasta, mfupa ukashikana ukiwa umepinda, nikaenda nao hivyo zaidi ya miaka 20, viatu vinaisha upande wa nje, halafu nikaja huku Minnesota kusimama shifti za saa 16 nikigeuza wazee vitandani mpaka gegedu, ile inazuia mifupa isisagane, ikaisha kabisa. Daktari akasema nyonga na goti mara nyingi huisha na umri, lakini kifundo kwa wengi huisha kwa sababu kiliumia zamani.

Njia zilikuwa mbili. Kufunga mifupa na skrubu ishikane, uchungu uishe lakini hapo pasikunjike tena, ama kuwekewa cha chuma. Nikasema chuma. Kipande kimoja kinakaa chini ya muundi, kingine juu ya kale kamfupa kanakofuata, katikati plastiki ngumu. Kazi kubwa, akaniambia, ni kunyoosha, kwa sababu chuma kikikaa kimelalia upande, plastiki inaliwa upande mmoja. Nikamwambia hiyo si ni alainmenti tu, gari isipofanyiwa tairi inaisha ukingo mmoja. Tukaelewana hapo kuliko nimewahi kuelewana na Mzungu yeyote. Na walifanya kazi, siwezi kudanganya, eksirei ya kusimama muundi uko wima juu ya kisigino, na viatu sasa vinaisha sawasawa.

Shida ni kukunja. Nilidhani kitu kipya kitakunjika kama cha mtoto. Kumbe mguu ukikaa bila kukunjika vizuri miaka yote hiyo, nyama na kano zimeshajifunga, ukiingia tieta na digrii chache unatoka na chache, labda uongezewe kidogo. Walinirefushia mpaka kano ya kisigino na bado ni 8. Mguu usio na shida huenda juu kama 20 na chini kama 50. Kutembea kunataka kama 10 za juu, kwa hivyo kwa hesabu yao mimi karibu nimepona, nafika dukani, nafika kwa gari, narudi kwa sofa. Siku nzima ya Mzungu hakuna mahali anachuchumaa.

Sasa mimi kwa mama ni Luanda, Vihiga, na choo ni cha shimo.

Yule dada wa fizio akaniuliza nataka huu mguu unifanyie nini. Nikaona haya, nikasema kutembea. Akanyamaza akauliza tena. Nikamwambia ukweli, hata nikajaribu kumwonyesha nikiwa nimeshika meza, kisigino kikainuka nikarudi nyuma karibu nianguke. Hakucheka. Akaenda akaleta kabari ya mbao, akaiweka chini ya visigino, akanishika mikono yote miwili, nikashuka. Si mpaka chini, lakini nilishuka, na machozi yakanitoka kwa kitu kama hicho jameni. Akasema kisigino kikiinuliwa kifundo hakidaiwi digrii nyingi, na nisikilazimishe, hakikutengenezewa hiyo kazi.

Kuna siku nachoka na hii nchi kabisa, halafu mtu usiyemjua anakushika mikono ujifunze kwenda choo cha kwenu. Nimeangalia tarehe kwa bili sasa hivi. Ni siku hiyo hiyo, 187.

Nimepigia mama nikamwambia atafute fundi ajenge kiti juu ya shimo kabla nije Desemba. Akauliza, kwani wamekuwekea cha mbao? Nikaeleza digrii zote nikamaliza. Akasema sawa, ila kiwe cha simenti, na majirani wakiuliza ataambia watu ni cha wageni.