Kilimambogo kwa Miguu: Panga Saa Zako Vizuri

Mlima huu wa mita 2,145, karibu na Thika, si mgumu kupanda. Ni barabara ya udongo, takriban kilomita 9 toka lango hadi kileleni, msitu pande zote. Kinachowashinda watu ni saa. Anayeanza saa tano hupanda juani, kisha hukuta ukungu umekwisha funika Mlima Kenya. Uwe langoni saa moja asubuhi: saa tatu za kupanda, mbili za kushuka.

Usitembee bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Jina la mlima si pambo, mbogo wapo kweli, na mavi mabichi barabarani yana maana wako karibu. Nyamazeni, msitawanyike. Lipia kiingilio kwa simu kabla ya kutoka nyumbani.

Maji lita 3 kila mtu. Chakula kifungie ndani ya mkoba, nyani huona mfuko wa mkononi kutoka mbali.

Wakati wa kushuka, kaza kamba za viatu kwenye kifundo. Vikilegea, vidole hugonga mbele na kucha huwa nyeusi. Mvua za Aprili hugeuza udongo utelezi mtupu. Afadhali Januari.