Nilivyokuwa kocha msaidizi wa kuogelea katika chuo kisicho na bwawa

Chuo kilichoniajiri kuwa kocha msaidizi wa kuogelea hapa Unguja hakikuwa na bwawa siku niliyoanza kazi, na hata leo hakina. Naandika haya kwa sababu karibu kila aliyenishauri wakati ule alinishauri vibaya, na najua wapo wasichana wanaoitamani kazi hii ambao wanaambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Wa kwanza alinitaka nisubiri mpaka bwawa lijengwe. Wa pili, tena mtu mwenye cheo, alinieleza kuwa msaidizi hana haja ya kujua mengi: ashike saa, apulize filimbi, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, niwaangalizie wasichana nguo zao wakiwa majini. Ni kweli kwamba nilichukuliwa kwa sababu wanafunzi wa kike, na wazee wao pia, hawakuridhia wafundishwe na mwanamume. Lakini mtu anayeogopa kutia uso majini hafundishwi na aliyekaa mchangani, na siku ya kwanza tu niliingia nao mpaka kifuani, wasichana tisa, na hakuna aliyebaki wa kuziangalia nguo.

Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Zao hili lilianza kulimwa kwa biashara katika pwani yetu ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kina mama wanashinda baharini maji yakiwa magotini au kiunoni, ilhali wengi wao hawajui kuogelea. Mimi nilijifunza kwa kuwafuata kaka zangu, jambo ambalo mama hakulipenda. Baada ya meli ya MV Spice Islander kuzama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, hakunikataza tena.

Kazi ya kocha haiendi bila ya kipimo. Mwogeleaji asiyepimwa hajui kama ameendelea au amerudi nyuma, na sisi hatukuwa na ukuta wa kugusa wala mita zinazojulikana. Nikaenda kwa mama, nikamwomba kamba yake kuukuu ya mwani na vigingi viwili. Siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayojaa sana na kutoka sana, maji yalipokauka, nikaipima kamba kwa mkanda wa fundi cherehani, mita 25 kamili, nikavipigilia vigingi mchangani sambamba na ufukwe, kisha nikafunga madumu matupu ya mafuta juu ya kila kigingi ili yaelee maji yakirudi. Gharama yote haikufika elfu 20, na kubwa ndani yake ilikuwa nauli.

Jioni ile mwanafunzi mmoja, ambaye katika bwawa la hoteli tuliloazimwa mara moja aliogelea mita 25 kwa sekunde 27, alizimaliza kwa sekunde 22. Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Nikampigia simu kocha mkuu, naye akaipeleka habari kwa wakubwa wa michezo chuoni, na msichana yule akalala usiku ule akiamini kuwa ameshafika. Wiki mbili baadaye tulirudi katika bwawa lile la hoteli, akaogelea kwa nguvu zake zote, na saa ikasoma 27. Alikaa ukingoni akalia, na mimi sikuwa na neno la kumwambia kwa sababu sikujua kosa liko wapi.

Kosa alilijua mama. Nilipomsimulia, alikuwa akifungua mafundo ya taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kibarazani, wala hakuinua uso. Akaniuliza, "Mwanangu, maji yalikuwa yakijaa au yakitoka?" Nikamwambia yalikuwa yameanza kutoka. "Na alikuwa akielekea wapi?" Alikuwa akielekea upande wa mlango wa mwamba, pale maji yanapotokea kwenda bahari kuu. Mama akasema, "Basi hakuogelea peke yake, alichukuliwa."

Tangu siku ile sijapima mtu kwa kwenda tu. Anakwenda, anapumzika, kisha anarudi, na nyakati zote mbili naziandika. Hapo nilikutana na mtego mwingine, ambao nautaja kwa urefu kwa sababu nimewaona walimu wakiuingia. Msichana yule yule, mkondo ukiwa kama wa siku ile, alikwenda kwa sekunde 22 na kurudi kwa 35. Ukizijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 28 na nusu, na hiyo si kweli, kwa sababu anayeogelea kinyume cha mkondo anakaa ndani ya taabu yake muda mrefu kuliko anavyokaa ndani ya wepesi akienda nao. Unapaswa kutafuta mwendo wa kila upande kwanza, yaani mita 25 kwa sekunde 22, na mita 25 kwa sekunde 35, uchukue wastani wa mwendo huo, ndipo uurudishe katika sekunde. Hesabu ikatoa 27, sawasawa na bwawa la hoteli. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya barua ya ajira.

Ila lililo bora zaidi ni kupima wakati maji yamesimama, na kwa hili nilipigana na ratiba ya chuo. Walitaka mazoezi yawe kila Jumamosi asubuhi, na siku za bamvua kwetu saa nne asubuhi bahari imekauka mpaka karibu na mwamba. Maji mafu, yaani siku za maji madogo yasiyojaa wala kutoka sana, ndiyo yanayojaa asubuhi kiasi cha saa nne, hayana mkondo mkali, na yanafika kifuani tu, jambo linalowafaa wanaoanza. Kwa hiyo nilipanga mazoezi kwa kuhesabu mwezi mwandamo: kuanzia siku ya 8 ya mwezi mpaka ya 10, na tena kuanzia siku ya 22 mpaka ya 24. Zilipita wiki kadhaa za barua na majibu. Mama alikuwa akiingia shambani kwake kwa bamvua, mimi naingia kwa maji mafu, na kamba ni ile ile.

Kocha mkuu aliniletea ratiba ya mazoezi ya vyuo vya Marekani aliyoipata katika intaneti, pamoja na nyakati za waogeleaji wao, na wanafunzi wangu walipoziona walikata tamaa kabisa. Nilizitazama siku mbili kabla ya kugundua kuwa mashindano ya vyuo kule huogelewa katika mabwawa ya yadi 25, ambazo ni mita 22.86. Aliyeogelea yadi 100 amefika mita 91 na kidogo. Ukimlinganisha naye mtoto wako wa mita 100 unamdhulumu, basi mwenye kuchukua nyakati za Marekani aangalie kwanza zimepimwa kwa nini.

Hata hivyo nimejifunza kwao. James Counsilman, kocha aliyemfundisha bingwa wa Olimpiki Mark Spitz katika Chuo Kikuu cha Indiana, aliwapiga picha waogeleaji wake chini ya maji ili aone mikono inafanya nini hasa. Mimi sina kamera, nina miwani ya kuzamia, nami hulala chini ya maji pembeni mwa mwanafunzi anapopita. Huko ndiko nilikoona kwamba wanaoinua kichwa kizima kutafuta pumzi wote miguu yao inazama. Sasa nawaambia wachungulie kwapa, sikio moja na jicho moja vibaki ndani ya maji, na miguu inapanda yenyewe.

Huko chini pia ndiko nilikoona blauzi za stara zikijaa maji na kupanda mgongoni kama tanga. Tulimwomba fundi ashone vitanzi vinne kiunoni mwa suruali na vifungo vinne ndani ya blauzi, vishikane. Kwa kila vazi alitoza bei ya soda mbili tatu.

Msichana wa sekunde 27 ameshafika 24, maji yakiwa yamesimama, na hotelini pia 24. Mkataba wangu mpya unaeleza kazi zangu moja baada ya moja, na kuangalia nguo si mojawapo, kwani nilikataa kutia saini mpaka mstari huo uondolewe. Wanafunzi wangu sasa ni 17. Wanne bado hawajaweza kutia uso majini, na maji mafu yajayo tutaanza na hao.