Mradi wa Margaret Booth: sehemu ya mabaki imekaa sawa

Nimemaliza kukata sehemu ya pili ya filamu yangu fupi kuhusu Margaret Booth, mhariri wa filamu wa Hollywood, na sasa naona mradi unasimama. Sehemu ya kwanza nimeibana: kuzaliwa Los Angeles mwaka 1898, kaka yake Elmer, mwigizaji, kufa kwa ajali ya gari mwaka 1915, kisha yeye kuajiriwa na mwongozaji D.W. Griffith kuunganisha vipande vya filamu.

Utamu unaanzia kwenye mabaki, yaani shoti zilizoachwa nje ya filamu. Akiwa studio ya Louis B. Mayer, Margaret alikuwa msaidizi wa mwongozaji John M. Stahl. Alimtazama akikata filamu, na wenzake wakishaenda zao usiku, alichukua shoti zilizotupwa akajifundisha kuzipanga. Siku moja Stahl akakwama kwenye tukio fulani, akaiona kazi ya Margaret, akaichukua ikaingia kwenye filamu vilevile. Sehemu hiyo nimeipa nafasi kubwa, maana kila kilichofuata kimetokea pale.

Nilitaka mtazamaji aone kazi yenyewe. Enzi za filamu bubu, Margaret akikata picha za askari wanaotembea, alikuwa anahesabu moja mpaka sita kichwani ili apate mapigo, ndipo abadilishe pembe ya kamera. Nami huhariri video za harusi, kwa hiyo nilichukua mabaki yangu ya msafara wa matarumbeta, nikazima sauti, nikahesabu hatua. Nilikata pale mguu wa kushoto wa mpiga ngoma unapogusa lami. Kata ikiwahi fremu chache tu, jamaa anaonekana kama amejikwaa. Ikitua penyewe, pembe inabadilika na jicho wala halishtuki. Klipu hiyo itakaa sambamba na maelezo ya Stahl.

Kuhusu MGM, studio kubwa ya Hollywood alikofanya kazi baadaye, nimepita haraka: filamu ya Mutiny on the Bounty ya 1935, iliyompa uteuzi wa Oscar, halafu usimamizi wa wahariri wote wa studio kuanzia 1939 hadi 1968. Karibu miaka thelathini, filamu za studio nzima zinapita machoni pake! Anaona tukio halijakamilika, anadai lipigwe picha upya. Nikitazama majukumu hayo, naona tayari alikuwa mtayarishaji, ila jina la cheo halijafika. Lilifika baadaye alipokuwa na mtayarishaji Ray Stark: mwaka 1985, akiwa na miaka 87, The Slugger's Wife ilitoka na jina lake kama mtayarishaji mtendaji. Wengi husimulia maisha yake kama mtu aliyetoka kazi moja akaingia nyingine. Mimi naiona kazi moja iliyozidi kupanuka, na nimeandika maelezo ya msimulizi kwa mtazamo huo.

Kilichobaki ni sauti. Natafuta mama mtu mzima mwenye sauti kavu, anayesoma taratibu bila kuigiza. Pia nimehamisha Oscar ya heshima ya 1978. Rasimu ya kwanza iliiweka mwisho kabisa, pamoja na kifo chake mwaka 2002 akiwa na miaka 104. Sasa inakaa katikati ya sehemu ya tatu, kwa sababu alipoipokea bado alikuwa na filamu za kusimamia.