Nilivyokuwa meneja wa mieleka Pemba

Ukitaka kujua nani anawaleta watu kwenye mieleka, usimtizame mwenye misuli. Mtizame yule wa suti aliyesimama nje ya kamba, anayemsumbua refa, halafu akifuatwa anakimbia. Nasema haya kwa sababu suti hiyo nimeivaa mimi, huku Pemba, siku za Idd, na kijana niliyemsimamia sasa analipwa kuonyesha mieleka na sarakasi kwenye mahoteli ya Unguja.

Kijijini kwetu, upande wa Mkoani, vijana tumekua na mieleka tangu enzi za kibanda cha video. Sikukuu ikifika, watoto wa Chake wana Tibirinzi yao na pembea zake. Sisi huku shamba tulikuwa na uwanja wa mpira, na watoto wenye pesa za sikukuu wasiojua wazitumie wapi. Vijana wakaamua kutengeneza ulingo. Tulipanga makumbi ya nazi chini, juu yake magunia, juu ya magunia mchanga wa pwani uliochekechwa mawe. Boriti nne pembeni na kamba za jahazi. Kiingilio shilingi 500 kwa mtoto na 1,000 kwa mkubwa.

Idd hiyo watu waliingia, wakatizama kidogo, wakatoka kwenda kununua urojo. Si kwamba vijana hawakujua kazi. Mitupo ilikuwa mizuri, na hakuna aliyevunjika. Lakini wawili wanaingia, wanatupana, mmoja analala, refa anahesabu, wanatoka. Kwa mieleka ya namna hii mshindi huwa amepangwa, na hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Mtazamaji hahangaiki kuuliza nani atashinda. Anataka aambiwe nani stelingi na nani adui, na kwa sababu gani. Kwetu hakuna aliyemwambia.

Tulikuwa naye kijana mmoja, hamali wa bandarini. Boti ikifunga gati utamwona anapanda na magunia mawili ya mchele kama vile amebeba mto wa kulalia. Mwili upo, sura ya kutisha ipo, ila maneno hana. Tulimpa maiki ili atambe, amtishe mwenzake. Akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Assalaam alaykum." Uwanja mzima ukaitikia, "Waalaykum salaam," na hasira yote iliyokuwepo ikaisha pale pale. Akarudisha maiki.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Paul Heyman, meneja wa mieleka ya Marekani. Mwaka 2002 kijana aitwaye Brock Lesnar aliingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya maonyesho, akitokea mieleka ya vyuo vikuu, ambako alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 2000. Nguvu za kweli, wala hakuna aliyezitilia shaka, lakini kuzungumza haikuwa kazi yake. Wakampa Heyman. Lesnar akawa anasimama nyuma, anapumua, anarukaruka kidogo. Mwenzake anaeleza nini kitampata yeyote atakayekaa mbele ya "mteja wangu". Ikafika Agosti mwaka ule ule, Lesnar amempiga bingwa, The Rock, na kuchukua mkanda wa ubingwa. Alipovunja rekodi ya mpiganaji Undertaker ya kutoshindwa pale WrestleMania, onyesho lao kubwa la mwaka, mwaka 2014, Heyman alikuwa pembeni, na kesho yake ni yeye aliyesimama kuwaeleza watu walichokiona. Heyman alipokuja kumsimamia mpiganaji mwengine, Roman Reigns, mwaka 2020, kazi ilikuwa ile ile kwa mtu tofauti.

Basi nikawaambia vijana: huyu asiseme tena. Nitasema mimi.

Kusema kwenyewe si kupiga kelele. Nilirudi kwenye simu nikawatizama mameneja wakongwe, hasa Bobby Heenan. Mwaka 1987 alimsimamia Andre the Giant dhidi ya bingwa Hulk Hogan pale Pontiac, Michigan, na WWF wenyewe (ndiyo WWE ya leo) walitangaza watazamaji 93,173. Andre wakati ule mgongo ulikuwa umeshamtesa na amefanyiwa upasuaji. Kutembea kwenyewe kazi. Mwili hauwezi tena, kwa hiyo maneno yakafanya kazi ya mwili. Heenan alimleta Andre mbele ya Hogan kama rafiki aliyesalitiwa, aliyenyimwa haki yake ya kugombea mkanda miaka yote. Watu wakaingia uwanjani wameshabeba hasira kutoka nyumbani.

Hicho ndicho nilichokichukua: sababu. Ikabidi nimtafutie kijana wangu sababu. Mpinzani wake alikuwa nahodha wa timu ya mpira, kipenzi cha kila mtu, anatoka kijiji cha jirani. Nikaanza wiki mbili kabla ya sikukuu, kwenye barza ya kahawa, sio uwanjani. Nafika nimevaa suti ya harusi ya kaka yangu, jua la saa tisa, natamba: "Mteja wangu anabeba gunia la kilo hamsini kwa mkono mmoja. Nyinyi nahodha wenu anavua dagaa kwa chandarua cha kulalia." Wazee wakacheka. Wavuvi hawakucheka. Siku ya pili nikakuta wanaume wanne kutoka kijiji cha pili wamekuja barza yetu kusikiliza, na kahawa wamenunua wenyewe.

Majigambo tunayo sisi tangu zamani. Mtu aliyesikia mipasho ya taarab hahitaji kufundishwa na Mmarekani namna ya kuchokoza. Ila yana mipaka, na meneja asiyeijua mipaka ataua biashara. Mimi sikugusa mzazi wa mtu wala dini. Siasa ndiyo kabisa, maana Pemba ukimtaja mtu na chama chake, mieleka inageuka kuwa jambo jengine. Nilitukana nyavu, ngalawa, penalti waliyokosa na mchuzi wao wa pweza. Vinatosha.

Kuna na aina ya umeneja nilioukataa. Miaka ya themanini walikuwa na mtu wakimwita Kamala, "jitu la Uganda": amepakwa rangi ya nyota na mwezi, hasemi neno, na pembeni yake yuko mtu wa kumwongoza kama vile ametolewa porini. Jina lake halisi ni James Harris, mtu wa Mississippi. Nikiwa mdogo nilimwamini, nikamuuliza mwalimu wetu wa jiografia Waganda wote wako vile au vipi. Ukweli ni kwamba umeneja ule ulimuuza sana, ila ulimuuza kama mnyama. Kijana wangu ana mama, na mama yake angekuwa amekaa mstari wa mbele.

Mama huyo ndiye aliyenipa kazi kuliko mpinzani. Nilikwenda kumwomba ruhusa, nikamwamkia, nikaeleza. Akaniambia, "Baba, mimi mwanangu akivunjika hutonilipa wewe. Na hayo matusi utakayotukana, watu watasema katukana yeye." Nikamjibu, "La, mama, ndiyo maana nasema mimi. Matusi yote yangu, yeye hatii neno." Akafikiri, akasema, "Hapo sawa." Bibi yule hajatizama mieleka hata mara moja lakini alikuwa ameshaelewa kazi ya meneja vizuri kuliko vijana wangu: uchafu wote ubaki kwangu, kijana atoke msafi.

Nilitaka pia kitu cha kushika mkononi. Katika mameneja wa zamani, Jimmy Hart alikuwa na spika yake ya mkono, Mr. Fuji chumvi ya kurusha machoni; na Paul Bearer, ambaye kweli aliwahi kufanya kazi ya kuhudumia maiti kabla ya kuwa meneja wa Undertaker, alikuwa na chombo cha majivu alichokinyanyua, Undertaker aliyelala akainuka. Nikafikiria chetezo. Kijana wangu akilala, mimi nafukiza, moshi unapanda, anaamka. Sheha alipokuja kuona mazoezi kabla ya kutupa kibali, akasimama. "Mwanangu, hapo umetia nini?" Nikasema ubani. "Toa ubani. Hapa Pemba ukifukiza ubani mtu akalala chini akaamka, kesho nitaletewa kesi ya majini. Tia udi wa harusini." Tukatia udi. Uwanja ukanukia kama nyumba ya bi harusi, na, sijui kwa nini, ikatisha zaidi.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya miembe. Nikaingia mbele na chetezo, kijana nyuma yangu, kimya, hatizami mtu. Nilipoanza kusema, maganda ya machungwa yakaanza kuja. Bibi mmoja akavua kandambili akanirushia, ikanipiga sikioni, kisha akamtuma mjukuu wake aje kuichukua. Nikajua tumefaulu.

Pambano tulilipanga hivi. Nahodha anakaribia kushinda, mimi namvuta refa mguu. Refa anageuka kunifokea. Kijana wangu anamtupa nahodha, lakini mimi katika kiherehere changu nimepanda kamba na kumziba refa macho, hahesabu. Nahodha anaamka, ananiona, ananishika suti, ananibwaga mchangani. Watu walishuka miembeni. Mtu aliyelipa 1,000 alikuwa amelipa kuona hilo tu. Na angalia: nahodha kapata ushindi, lakini kijana wangu hajapigwa. Mimi ndiye niliyemkosesha. Heenan aliifanya kazi hii miaka mingi, mpaka walimvalisha vazi la kicheche mbele ya watu alipopigana na mpiganaji Ultimate Warrior mwaka 1988, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa ukimwita kicheche. Meneja mzuri lazima ajue kuanguka. Nilijifundisha kwenye godoro kwanza, na bado bega lilinisumbua mpaka msimu wa karafuu.

Vijana wengine waliponiona wakataka nao kuwa mameneja. Mmoja alikuwa akizungumza mpaka pambano linakwisha watu hawajui nani kashinda. Nikamwonyesha Miss Elizabeth, meneja mwanamke aliyemsimamia mpiganaji Randy Savage kuanzia mwaka 1985. Alikuwa haongei karibu chochote. Anamfungulia kamba apite, anasimama, uso wake unaonyesha hofu, na wewe mtazamaji unaona hofu hiyo ndipo unapojua jambo ni kubwa. Savage peke yake alikuwa na kelele za watu kumi. Angepewa msemaji ingekuwa fujo. Meneja anajaza kilichopungua kwa mtu wake. Kama maneno yapo, tafuta kingine.

Kazi tamu kuliko zote niliiweka Idd iliyofuata, nayo ni kuachana. Novemba 2002 Heyman alimgeuka Lesnar: Lesnar ameshamlaza mpinzani wake, Big Show, refa anahesabu, Heyman akamtoa refa nje. Kuanzia hapo watu waliokuwa wakimzomea Lesnar wakawa wake. Paul Bearer alifanya hivyo hivyo mwaka 1996 alipompiga Undertaker kwa kile chombo chake. Ile chuki meneja aliyoikusanya muda wote haipotei. Siku ya kuachana inageuka mapenzi, na yote anaachiwa kijana.

Basi katikati ya uwanja, baada ya kushindwa kwa kosa langu tena, nilimgeukia kijana nikamfokea mbele ya mama yake. Nikamwita hamali. Nikamwambia bila mimi yeye ni gunia juu ya gunia. Kisha nikampiga kofi. Uwanja ukanyamaza. Yeye akanitizama, mwanamme hakusema kitu, akageuka akawatizama watu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya wavuvi wa kijiji cha pili, wale wale wa chandarua: "Mbebe! Mbebe!" Uwanja mzima ukapokea. Akanibeba begani kama mzigo wa boti, akanizungusha ulingo mzima, akanitupa nje ya kamba pamoja na chetezo.

Sikukuu ya tatu aliingia peke yake. Alisema "Assalaam alaykum" tu, na watu waliitikia mpaka sauti ikasikika bandarini.

Pesa tulikuwa tunagawa sawa na wapiganaji, mimi sikuchukua zaidi, ila gharama ya kufua suti ilitoka kwenye kiingilio. Wenye kundi la sarakasi walipomwona wakamchukua Nungwi. Huko wamempa mtu wa kumsemea, anajua Kiingereza na Kitaliano. Nimetumiwa video. Si mbaya, ila anaendelea kuzungumza wakati kijana ameshamnyanyua mtu juu, na wageni wanamtizama yeye. Nimempigia simu kijana nikamwambia amwambie anyamaze akishanyanyua. Kanijibu, "Mwambie wewe."